Jengo la Duka la Ushirika la Toad Lane, Rochdale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayesomea ushirika, awe chuoni Moshi au kwenye semina ya SACCOS ya kazini kwake, hukutana na jina la Rochdale, mji wa Uingereza lilikofunguliwa duka maarufu la ushirika, tangu somo la kwanza. Jina linatajwa, mwaka unatajwa, kisha mwalimu anageukia sheria na masharti ya chama. Jengo lenyewe, watu waliolikodi na kilichowapata baadaye, hubaki hewani. Hapa tumekusanya maswali yanayorudiwa zaidi. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Jengo hili liko wapi, na likoje?

Liko namba 31 Toad Lane, mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, mwendo mfupi kutoka Manchester. Ni ghala la matofali: chumba cha chini na sakafu mbili juu yake. Limesimama kwenye kipande kifupi cha mtaa uliosakafiwa kwa mawe, karibu na kanisa la Mtakatifu Maria na baa ya siku nyingi. Sehemu kubwa ya Toad Lane ya zamani ilimezwa na barabara na maduka mapya katika karne ya 20.

Leo ni makumbusho, na jina lake rasmi ni Rochdale Pioneers Museum. Anayefika akitarajia jumba la fahari hupigwa na butwaa. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha chini peke yake.

2. Je, ni jengo la zama za Malkia Victoria kweli?

Kwa umri wa matofali, hapana. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 18, miongo kadhaa kabla Victoria hajaanza kutawala mwaka 1837. Umaarufu wake ndio wa zama za Victoria, maana duka lilifunguliwa humo mwaka 1844, na wenye duka wakalitumia hadi miaka ya 1860.

Majengo ya ushirika yaliyojengwa na wanachama wenyewe, yenye madirisha mapana ya vioo na mzinga wa nyuki uliochongwa juu ya mlango kama alama ya kufanya kazi pamoja, yalikuja baadaye. Hayo ndiyo ya Victoria hasa. Waliotangulia walipanga walichokipata.

3. Nani walilipanga?

Chama kilichoitwa Rochdale Society of Equitable Pioneers, ambacho hapa tutakiita Waanzilishi, kama wanavyozoea wanaushirika wetu. Kilisajiliwa tarehe 24 Oktoba 1844 chini ya sheria ya vyama vya kusaidiana, kwa sababu sheria ya vyama vya ushirika haikuwepo. Sheria hiyo ilipitishwa na bunge la Uingereza mwaka 1852, duka likiwa na miaka zaidi ya saba.

4. Ni kweli huu ndio ushirika wa kwanza duniani?

Si kweli, ingawa utalikuta limeandikwa hata kwenye vitini vya semina. Wafumaji wa kijiji cha Fenwick, Scotland, walikuwa na chama tangu 1761, na walinunua chakula kwa pamoja wakigawana kwa bei nafuu. Miaka ya 1820 na 1830 maduka ya ushirika yalichipuka kila pembe ya Uingereza, mengi yakichochewa na mawazo ya Robert Owen, mwenye kiwanda aliyehubiri ushirika.

Hata Rochdale kwenyewe, hata mtaa huohuo! Mwaka 1833 wenyeji walifungua duka la ushirika namba 15 Toad Lane. Lilikufa mwaka 1835, na kilichosaidia kuliua ni kukopesha wanachama. Baadhi ya waliokuwemo ndio waliokuja kuanzisha duka la namba 31, kwa hiyo walijua vizuri wanaogopa nini (tazama swali la 10).

Basi sifa ya haki ni kwamba hili ndilo duka lililodumu, na kanuni zake ndizo zilizonakiliwa.

## Kufunguliwa kwa duka

5. Kwa nini watu wa viwandani waliamua kuuza unga?

Rochdale iliishi kwa sufu, hasa kitambaa cha flaneli. Mashine zilikuwa zikimla mfumaji wa mkono, mishahara ikishuka, na miaka ya 1840 ilikuwa ya njaa hadi Waingereza wenyewe wakaibatiza hivyo. Mwaka 1844 juhudi za wafumaji kudai nyongeza zilikuwa zimegonga mwamba. Ikiwa mwajiri haongezi mshahara, kilichobaki ni kuangalia mshahara uliopo unakwenda wapi.

Ulikuwa unakwenda dukani, tena vibaya. Mkate uliwekwa shabu ili uwe mweupe, unga ulichanganywa na chaki, majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa, yakatiwa rangi na kuuzwa upya. Mizani nayo ilikuwa na mambo yake. Sheria ya kwanza ya jumla ya Uingereza dhidi ya uchakachuaji wa vyakula ilipitishwa mwaka 1860, kwa hiyo mnunuzi wa 1844 hakuwa na kinga ya maana. Isitoshe, familia nyingi zilikuwa na deni kwa mwenye duka, na mwenye deni hachagui unga.

6. Mtaji na chumba walivipata wapi?

Hisa moja ilikuwa pauni 1, na mtu aliruhusiwa kuilipa pensi 2 kwa wiki. Pauni ya wakati huo ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja pensi 12. Piga hesabu: pensi 240 kwa pensi 2 kila wiki ni wiki 120, zaidi ya miaka miwili kumaliza hisa moja. Baadaye mchango ulipandishwa hadi pensi 3. Mji uligawanywa sehemu tatu, na wakusanyaji wakapita nyumba hadi nyumba, kama wanavyofanya wakusanyaji wa michango ya harusi. Walipofikisha pauni 28, wakaona inatosha kuanza.

Chumba kilikuwa na kizungumkuti chake. Mwenye jengo, Dk. Dunlop, hakuwa na imani na chama cha mafukara kama mpangaji. Charles Howarth, mmoja wa vinara wa chama, akajitolea kupanga kwa jina lake mwenyewe. Kodi ilikuwa pauni 10 kwa mwaka, mkataba wa miaka mitatu, na ulihusu sakafu ya chini tu.

7. Siku ya kwanza waliuza nini hasa?

Duka lilifunguliwa Jumamosi usiku, tarehe 21 Desemba 1844, saa mbili. Baada ya kodi na matengenezo, kilichobaki kununulia bidhaa kilikuwa pauni 16, shilingi 11 na pensi 11. Orodha yake imehifadhiwa:

- siagi ratili 28, yaani karibu kilo 13
- sukari ratili 56, kama kilo 25
- unga wa ngano, zaidi kidogo ya kilo 300
- gunia 1 la unga wa oti, ule wa kupikia uji
- mishumaa kiasi

Basi. Bidhaa zote zingebebwa na mkokoteni mmoja, na inasimuliwa kwamba wafanyabiashara wa mji walisema hivyo kwa kejeli. Kaunta ilikuwa ubao uliolazwa juu ya mapipa. Nje walikusanyika vijana wa viwandani kuja kucheka, na ndani wenye duka wakawa wanasitasita nani aende kufungua vibao vya dirisha. Samuel Ashworth, kijana wa miaka 19, ndiye aliyesimama kama muuzaji, na William Cooper akashika fedha.

Mwanzoni duka lilifunguliwa jioni chache tu za wiki, kwani wauzaji nao walikuwa na kazi zao mchana. Mwaka uliofuata waliongeza chai na tumbaku.

Kuna kitu kwenye orodha ile ambacho hupitwa haraka: hamna hata bidhaa moja ya anasa. Siagi, sukari, unga, uji, mwanga. Walianza na vitu ambavyo kila mwanachama angevinunua hata hivyo, kwa hiyo soko lilikuwepo kabla ya duka. Chama kinachoanza leo kwa kununua trekta kabla hakijajua nani atalikodi kingefaa kuitazama orodha hiyo.

8. Walikuwa watu 28 kamili, na wote wafumaji?

Hesabu ya 28 ni ya jadi, nayo inapendeza kwa kuwa inalingana na pauni 28. Orodha za majina ziliandaliwa baadaye, na wanahistoria wamebishana juu ya nani alikuwemo tangu mwanzo na nani aliingizwa kwa heshima. Ukisema "kama 28 hivi" hujakosea.

Kuhusu wafumaji, walikuwemo lakini hawakuwa peke yao. Walikuwepo pia mafundi viatu, mafundi mbao, fundi cherehani na wachuuzi. Kisiasa walikuwa mchanganyiko vilevile: wafuasi wa Owen, Wachatisti waliodai haki ya kupiga kura, na wapinga pombe. Picha ya mafukara waliolala njaa usiku mmoja na kuamka na wazo la duka ni tamu kusimulia, ila watu hawa walikuwa wamekaa kwenye mikutano kwa miaka. Ufundi wao wa kuandika kanuni haukushuka kutoka mbinguni.

## Duka lilivyoendeshwa

9. Gawio lilikokotolewa vipi?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Duka liliuza kwa bei ya kawaida ya soko, halikushusha. Mwisho wa robo mwaka walitoa gharama, wakalipa riba ya hisa ambayo ilikuwa na ukomo, kisha bakaa ikagawanywa kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja.

Tuchukue mfano wa kutungwa. Mama Fulani ana hisa moja ya pauni 1, na amenunua vitu vya pauni 10 katika robo mwaka. Chama kikitangaza gawio la shilingi 1 na pensi 6 kwa kila pauni ya manunuzi, atapata shilingi 15. Riba ya hisa yake kwa asilimia 5 ni shilingi 1 kwa mwaka mzima. Tajiri aliyeweka hisa nyingi asinunue kitu hupata riba yake tu. Anayelisha watoto sita kutoka duka hilo ndiye anayeondoka na fungu nono.

Na gawio si lazima lichukuliwe mkononi. Wengi waliliacha chamani likawa hisa, kwa hiyo mtu aliweka akiba kwa kula. Usemi huo ulivuma miongoni mwa wanaushirika wa Uingereza, na wazee wengi wa huko hadi leo wanakumbuka namba ya gawio ya mama zao, waliyokuwa wakitumwa nayo dukani utotoni.

10. Kwa nini hawakukopesha, na hali watu walikuwa na shida?

Kwa sababu waliona duka la namba 15 lilivyokufa (swali la 4). Duka la watu maskini likikopesha watu maskini, siku kiwanda kikisimama wote wanaanguka pamoja. Kukopa harusi, kulipa matanga, nao matanga walikuwa wameshayakalia.

Kanuni hii ilikuwa na ukali wake. Familia iliyokuwa na deni kwa muuza duka wa mtaani haikuweza kuhamia Toad Lane hadi ilipe, na kwa muda fulani isingekuwa na pesa ya kulipa kule wala ya kununua huku. Kwa maneno mengine, duka hili halikuwa la maskini kabisa. Lilikuwa la wale wenye kipato cha wiki, hata kiwe kidogo. Wanaoisifia kanuni ya pesa taslimu wasisahau walioachwa nje.

11. Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Uanachama haukuwabagua. Eliza Brierley anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kujiunga, mwaka 1846. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito, kwani chini ya sheria ya Uingereza mali ya mke ilikuwa ya mume. Sheria za kumpa mwanamke aliyeolewa umiliki wa mali yake zilikuja 1870 na 1882.

Kila mwanachama alikuwa na kura moja, bila kujali hisa. Lakini tusitie chumvi: kamati zilikuwa za wanaume, na wanawake, waliokuwa ndio wanunuzi wenyewe, walionekana zaidi kwenye foleni ya kaunta kuliko kwenye meza ya viongozi.

12. Sakafu za juu zilikuwa za nini?

Kwanza zilikuwa za wapangaji wengine. Chama kilipopata nguvu, mwaka 1849 kilichukua jengo zima, na juu kikaweka chumba cha kusomea magazeti na maktaba. Magazeti wakati huo yalitozwa kodi na yalikuwa ghali kwa mfanyakazi, kwa hiyo kusoma bila malipo juu ya duka unalolimiliki kilikuwa kivutio kikubwa.

Baadaye kanuni ilitenga asilimia 2.5 ya bakaa kwa elimu. Kutokana na fungu hilo maktaba ilikua hadi ikapita vitabu 10,000 katika miaka ya 1870. Ukiuliza kwa nini sheria za ushirika za nchi nyingi zinataka chama kitenge fedha za elimu, chanzo kimojawapo ni hicho chumba cha juu.

## Kukua, kuhama na kurudi

13. Ikiwa duka lilifanikiwa hivyo, kwa nini waliondoka?

Kwa sababu lilifanikiwa. Wanachama walikuwa 74 mwaka 1845, wakafika 390 mwaka 1849 na 600 mwaka 1850. Mruko wa 1849 una maelezo ya huzuni kidogo: benki ya akiba ya mji ilianguka kwa wizi wa ndani, na watu waliopoteza imani na benki wakaona duka la unga ni mahali salama zaidi pa kuweka pesa. Mwaka 1860 wanachama walikuwa 3,450, na 1867 walikuwa 6,823.

Chumba kimoja hakiwezi. Walianza kufungua matawi mwaka 1856, na mwaka 1867 wakahamia duka kuu jipya hapohapo Toad Lane, jengo refu lenye idara mbalimbali, maktaba na ukumbi wa mikutano. Hilo ndilo lililojengwa kwa fedha zao na kwa kiburi cha zama zao. Namba 31 waliiacha bila tambiko. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna siku mtu angesafiri kutoka Nairobi au Tokyo kuja kuitazama.

14. Baada ya hapo jengo lilikuwa la nani?

Kwa miongo kadhaa lilikuwa chumba cha biashara kama vingine, likiingia mpangaji na kutoka mpangaji. Wanaushirika walilirudia katika miaka ya 1920, wakalinunua, na mwaka 1931 likafunguliwa kama makumbusho. Limekarabatiwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Ufunguzi mpya wa hivi karibuni ulikuwa mwaka 2012, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika. Mwaka 2025 ulitangazwa hivyo kwa mara ya pili.

Makumbusho yako chini ya Co-operative Heritage Trust, amana inayotunza pia nyaraka za ushirika mjini Manchester.

15. Ninachokiona ndani ni duka lenyewe la 1844?

Kuta ndizo, vifaa sivyo. Chumba cha mbele kimepangwa kufuata maelezo ya usiku wa kwanza: mbao juu ya mapipa, mizani, magunia, mishumaa. Ni uigaji uliofanywa kwa uangalifu, na makumbusho hayafichi hilo. Jengo lililotumiwa na wapangaji wengi kwa zaidi ya miaka 60 haliwezi kubaki na pipa lake la kwanza.

Kwa maoni yetu, utupu wa chumba hicho ndio uaminifu wake mkubwa. Kishawishi cha kukijaza rafu na makopo ya bati yenye picha nzuri, ili kipendeze kwenye simu za watalii, ni kikubwa. Makopo hayo ni ya kizazi kilichofuata, na mahali pake ni vyumba vingine.

16. Wale wanaume 13 kwenye picha maarufu ni wale walioanzisha duka?

Ni baadhi yao. Picha ilipigwa miaka ya 1860, takriban miaka 20 baada ya ufunguzi, kwa hiyo unaowaona na makoti mazito na ndevu za mvi walikuwa vijana na watu wa makamo usiku ule. Wengine walikuwa wamekufa, wamehama au wamejitoa. Picha hutundikwa ofisi za vyama dunia nzima kama vile ni ya siku ya kwanza. Hakuna picha ya siku ya kwanza.

## Maswali ya pembeni

17. Je, walitimiza kila walichokusudia?

Hapana, na malengo yao ya 1844 yanashangaza ukiyasoma yote. Duka lilikuwa hatua ya kwanza tu. Walitaka pia kujenga nyumba za wanachama, kuzalisha bidhaa ili waajiri wasio na kazi, kununua au kukodi mashamba, kuanzisha makazi yanayojitegemea kabisa, na kufungua hoteli isiyouza pombe. Makazi hayo hayakuwahi kujengwa.

Kiwanda walijaribu. Mwaka 1854 walianzisha chama cha uzalishaji ambamo wafanyakazi nao walipata sehemu ya faida. Kilistawi, kikavutia wanahisa wapya waliofuata faida, na mwaka 1862 wanahisa hao wakapiga kura kuliondoa fungu la wafanyakazi. Kura moja kwa kila mtu haikusaidia, maana waliokuja na tamaa nao walikuwa watu na walikuwa wengi. Kisa hiki hakisimuliwi sana kwenye semina.

18. "Kanuni za Rochdale" ni zilezile tunazofundishwa leo?

Ni wajukuu wake. Waanzilishi hawakuketi kuandika kanuni saba na kuzitundika ukutani. Walikuwa na masharti ya chama waliyoyarekebisha kila walipobanwa. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika, ICA, lililoundwa London mwaka 1895, ndilo lililochambua masharti hayo na kutoa kanuni rasmi mwaka 1937. Zikapitiwa tena 1966, na tamko linalotumika sasa lilipitishwa mjini Manchester mwaka 1995.

Baadhi zimepungua ukali. Pesa taslimu pekee, kwa mfano, haimo tena, la sivyo SACCOS zisingekuwa na kazi.

19. Vyama vyetu vya Afrika Mashariki vimetokana na duka hili?

Kwa njia ya kuzunguka. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikasajiliwa mwaka 1933 baada ya sheria ya ushirika ya Tanganyika ya 1932. Sheria hiyo ilifuata mfano ambao Waingereza waliujenga India kuanzia 1904, na ule wa India uliegemea vyama vya mikopo vya vijijini vya Ujerumani, vya Raiffeisen. Kwa hiyo mrajisi wa vyama mwenye mamlaka makubwa hatoki Toad Lane. Pale hakukuwa na afisa wa serikali wa kuidhinisha bajeti. Kenya nako, ushirika wa kwanza wa 1908, ule wa Lumbwa, ulikuwa wa walowezi, na Waafrika walifunguliwa mlango rasmi kwa sheria ya 1945.

Lakini tazama malipo ya pili. Mkulima anapeleka kahawa, anapewa malipo ya awali, na mnada ukishakwisha chama kinamrudishia nyongeza kulingana na kilo alizoleta. Hakuna anayeuliza ana hisa ngapi. Hesabu hiyo ni ileile ya swali la 9, imegeuzwa tu: Rochdale waligawana kwa kilichonunuliwa, sisi kwa kilichouzwa.

20. Na yale maduka ya ushirika ya Tanzania ya miaka ya 1970, yalifuata mfano huu?

Jina lilifanana. Mwaka 1976 ilipoendeshwa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi ishikwe na ya vijiji na ya ushirika, na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri. Uanachama ukawa jambo la kuhesabiwa, wala si la kujiunga. Bidhaa ziligawiwa kwa mgao kutoka juu, hivyo kamati hata ikiwa na uaminifu wa malaika isingeweza kuchagua inunue nini na wapi.

Wazee wanaokumbuka foleni za sabuni na sukari huchukia neno "duka la ushirika", na hawana kosa. Ila walichokichukia kilikuwa duka la serikali lenye kibao cha ushirika.

21. Jengo hili ni Urithi wa Dunia wa UNESCO?

Hapana. Watu huchanganya na uamuzi wa mwaka 2016, ambapo UNESCO iliingiza wazo na utaratibu wa vyama vya ushirika kwenye orodha ya urithi usioshikika, tena kwa maombi ya Ujerumani. Jengo lenyewe linalindwa na sheria za Uingereza za majengo ya kihistoria.

22. Chama chenyewe bado kipo?

Kwa jina lake la mwanzo, hapana. Kiliungana na vyama vya jirani, miungano ikafuatana na miungano, hadi mwaka 2007 warithi wake walipoingia kwenye Co-operative Group, lile kundi kubwa lenye maduka ya Co-op Uingereza nzima. Kundi hilo nalo limekua kutokana na chama cha jumla kilichoanzishwa mwaka 1863 na vyama vya kaskazini mwa Uingereza, ambamo watu wa Rochdale walikuwa mstari wa mbele.

23. Mgeni anaweza kuingia?

Ndiyo, ni makumbusho ya umma, lakini hayafunguliwi kila siku. Hakikisha ratiba kabla hujakata tiketi ya treni kutoka Manchester. Ukifika, anza na chumba cha chini, kisha panda juu kwenye maonyesho ukiwa tayari umeona ukubwa wa mahali penyewe.